Saluni Iliyojaa Watu, Ikakosa Wateja

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Chumba changu cha kazi na saluni ya wifi yangu vimetengwa na ukuta mmoja wa mbao. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Nikipiga chafya, wifi ananijibu "Afya!" kutoka upande wa pili. Wateja wake wakicheka, nami nacheka, hata kama sijui wanacheka nini.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Mnajua mambo ya mawifi. Nilipaswa kumtafutia kasoro, na kusema kweli nilimtafutia tangu siku ya kwanza alipoolewa. Nimepata moja tu. Hajui kusema hapana. Ukimwomba kitu atakupa, hata kama mwenyewe anakihitaji.

Lakini kwa kazi, jamani, mwacheni! Wateja wanamwita Taratibu, kwa sababu havuti nywele za mtu. Kabla hajaanza kusuka, anakushika kichwa kwa mikono miwili na kukuuliza, "Wapi panauma?" Watoto wanaokimbia chanuo nyumbani wakifika kwake wanasinzia. Anawasuka wakiwa wamelala, na mistari inanyooka vilevile.

Siku moja alikuja mama aliyetoka kuugua. Nywele zake zilikuwa zimekatika vibaya. Hakutaka hata kuvua kilemba. Wifi akafunga mlango, akashusha pazia. Kisha akachukua taulo akafunika kioo.

"Leo kioo kimelala," akamwambia. "Tutakiamsha tukimaliza."

Akaosha kile kichwa polepole. Akapunguza nywele zilizoharibika, akazisawazisha zote zikawa fupi na laini. Alipomaliza ndipo akaondoa taulo. Yule mama akajitazama, akajigusa. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. Aliondoka na kilemba chake mkononi. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikamwona akipita barabarani kichwa wazi. Siku hiyo niliacha rasmi kumtafutia wifi kasoro.

Basi, wakaja watu wa mabomba.

Bomba la maji ni jambo jema, hatukatai. Lakini walichimba mtaro mrefu mbele ya vibanda vyetu. Udongo wakaumwaga upande wetu, lundo kubwa. Lundo lile lilificha mlango wa saluni pamoja na kibao chake. Kisha kazi ikasimama. Tuliambiwa vifaa vinasubiriwa. Tukasubiri navyo.

Mimi sikuumia sana. Nguo naletewa nyumbani, nazipeleka kwa wenyewe. Lakini kichwa cha mtu hakiachwi saluni kikafuatwa jioni. Ni lazima mwenyewe aje, na ili aje ilibidi avuke mtaro juu ya ubao mmoja. Ubao ulikuwa unacheza. Ukiupanda, unasema kila sala unayoijua.

Kaka yangu ni seremala. Ndiyo, seremala! Kila asubuhi alikuwa anautazama ule ubao na kusema, "Kesho nitatengeneza daraja." Mganga hajigangi. Kesho yake ilikuwa haifiki.

Na wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Kila kitu kilipanda bei. Watu wakaanza kupunguza matumizi, na la kwanza kupunguzwa ni nywele. Wengine wakasukana nyumbani. Wengine wakafunga vilemba. Saluni ikawa kimya. Upande wangu wa ukuta nilikuwa nasikia ufagio tu. Wifi alifagia asubuhi, akafagia mchana, na hakukuwa na hata unywele mmoja sakafuni.

"Wifi," nikamwambia, "toka uwaambie watu kwamba bado upo."

Akatikisa kichwa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliopenda kazi yangu watarudi."

Hawakurudi. Jumatatu moja akaja mlangoni kwangu na taulo begani.

"Wifi, nimepata kazi."

"Kazi gani tena? Si una kazi?"

"Binamu yangu ana saluni kubwa, kule mji wa mbali. Anataka msusi. Jumamosi anakuja mnunuzi kuchukua draya na viti. Nitaondoka wiki ijayo."

Draya ni ile mashine ya kukaushia nywele, inayofunika kichwa chote. Aliinunua baada ya kujinyima kwa muda mrefu. Siku ilipoletwa, aliifuta na kuipangusa utadhani mtoto mchanga.

"Na kaka je?" nikauliza.

"Atabaki na kazi yake."

"Na mtoto?"

Akakunja taulo lake. "Mtoto nilitaka nikuombe wewe," akasema.

Mtoto wao alikuwa chini ya meza yangu, anacheza na vipande vya vitambaa. Akatoa kichwa. "Shangazi," akaniuliza, "nywele zangu utanisuka wewe?"

Mtaa mzima unajua mikono yangu. Nguo, niletee. Kichwa, hapana. Nilitaka kumjibu kwa mzaha, mzaha ukagoma kutoka. Nilisikia uchungu, wallahi. Kaka huku, mkewe kule, mtoto katikati, na ukuta wangu wa mbao hauna mtu wa kuniambia "Afya".

Nikaenda kumweleza shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba yetu. Ukimpa habari asubuhi, hadi adhuhuri imeshazunguka mtaa na kurudi ikiwa imenenepa. Lakini ana moyo. Aliposikia, akapiga kofi.

"Mke wetu aende wapi? Haendi! Sikiliza, binti wa kaka yangu. Mteja anafuata mteja. Nani anapenda kuingia mahali patupu? Dawa ni moja tu. Tunakwenda kuijaza ile saluni. Wapita njia wakiona watu, wataingia."

Nikaona ana akili. Hata ninyi mngeona hivyo.

Kesho yake asubuhi wakaja. Alikuja shangazi, akaja mama muuza mboga, akaja mke wa fundi viatu, akaja na mama wa nyumba ya kona mwenye mabinti wawili. Walivuka ubao mmoja mmoja, wameshikana mikono. Wakakaa kwenye viti vyote. Shangazi alichagua kiti cha draya. Akaingiza kichwa ndani ya mashine, na mashine imezimwa.

"Shangazi, unafanya nini humo?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe. Watu wataona kazi inafanyika."

Walikaa kutwa. Walizungumza, walicheka, walikunywa chai ya wifi. Mama muuza mboga alisema, "Hebu nishikie tu hizi nywele za mbele zilizolegea, si kusuka, kunishikia tu." Wifi akamshikia. Mke wa fundi viatu alisema, "Nitie tone la mafuta." Wifi akamtia. Wote waliomba kindugu, wote walihudumiwa kindugu, na jioni chupa ya mafuta ilikuwa tupu. Siku iliyofuata wakaja tena. Na siku ya tatu.

Wifi aliniambia nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, "Nashukuru wananipenda. Lakini sina hata pa kuweka chanuo."

"Waambie wanyanyuke basi."

"Wifi! Watu wazima wale? Nimwambie shangazi anyanyuke kwenye kiti? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

Siku ya tatu hiyo ilikuwa Alhamisi. Cherehani yangu ilikuwa inaunguruma, sikusikia kitu ng'ambo ya ukuta. Niliona tu kwa dirisha wasichana watatu wageni wakivuka ubao kurudi barabarani. Mmoja alikuwa anafuta macho. Nikadhani ni vumbi.

Haukupita muda mrefu, akaja Mama Begi.

Mama Begi anauza vifaa vya saluni. Anatembea mji mzima na begi kubwa lenye mafuta, nyuzi, machanuo na nywele bandia. Hakuna saluni asiyoijua. Alisimama mlangoni akihema, akatua begi sakafuni, kwa sababu hakukuwa na kiti.

"Hodi wenyewe! Hongereni kwa kazi!"

Wifi alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekwenda kisimani kufua taulo, ana ndoo mkononi. "Karibu, Mama Begi. Kazi gani?"

"Si hii foleni yako? Nimekutana na bi harusi pale kona, na dada zake wawili. Msichana wa watu analia. Msusi wake ameugua, harusi ni Jumamosi, na ukoo mzima unataka kusukwa. Kaambiwa hapa pamejaa mpaka Jumatatu."

Nilisikia hayo kupitia ukutani, kwa maana cherehani nilikuwa nimeshaisimamisha. Nikatoka mbio nikaingia saluni.

"Nani kamwambia?" wifi akauliza.

Wote wakatazama draya. Ndani ya draya, sauti ya shangazi ikasema polepole, "Mimi."

"Shangazi?"

"Aliuliza kama kuna nafasi. Nilitaka ajue una soko, mwanangu. Nikamwambia pamejaa. Nilikuwa nakupigia debe!"

Mama Begi akashika kiuno. "Debe umelipiga, dada yangu. Lakini umelipiga umesimama mlangoni, mtu hawezi kupita."

Wifi akatafuta pa kukaa. Katika saluni yake mwenyewe, hakukuwa na pa kukaa. Akamwaga maji ya ndoo nje, akaipindua ile ndoo, akaikalia. Kisha akafunika uso kwa taulo mbichi na kulia.

Mama wa nyumba ya kona akanyanyuka upesi. Mama muuza mboga na wengine nao wakanyanyuka. Viti vikabaki vitupu, isipokuwa cha draya, na hapo ndipo tulipoona jinsi vilivyo vizuri. Mto wa kila kiti ulikuwa umeshonwa upya. Niliishona mimi.

"Naomba niseme," akasema Mama Begi. "Mimi ni mpita njia, lakini begi hili limeniingiza saluni nyingi. Nimeona zilizofungwa na nimeona zilizopona. Nyingi ya zile zilizofungwa hazikukosa watu wa kuzipenda. Zilikosa wateja."

"Sisi si wateja?" akauliza shangazi. Bado alikuwa ndani ya draya, anaona haya kutoka.

"Nani kakusuka hizo nywele, dada?"

"Huyu huyu, Taratibu."

"Ulimlipa kama mteja?"

Shangazi akakohoa. "Aa, mambo ya undugu..."

"Undugu ni mzuri. Lakini mwenye duka la mafuta ya nywele si ndugu yake. Mwenye umeme si ndugu yake. Ndugu ndiye angekuwa wa kwanza kulipa bei kamili na kwa wakati, ili mwenzake asimame. Haya. Watu wakikuuliza, nani kakusuka, unawajibu nini?"

Shangazi ana mistari mizuri, kila mtu humuuliza.

"Nasema kuna mtu tu," akajibu.

"Kwa nini?"

"Nikiwaambia, watakuja wote. Mimi nitakaa foleni."

Tukacheka, hata wifi ndani ya taulo nadhani alicheka. Mama muuza mboga akasema, "Afadhali shangazi. Mimi nasema nimejisuka mwenyewe."

"Hadi kisogoni?" nikamuuliza. "Kwa mikono gani, ya kuazima?"

Mama Begi akacheka, kisha akawa mtu wa kazi tena. "Kumbe mnamficha! Sokoni unapita watu wangapi, mama? Kichwa chako ni tangazo lake. Mtu akikisifu, mtaje fundi. Mwelekeze njia mpaka mlangoni. Neno la mteja linaaminiwa kuliko kibao."

"Lakini mama," akasema muuza mboga, "hali ni ngumu kwetu sote. Mimi kusuka kwa sasa siwezi."

"Nani kakwambia usuke? Osha tu. Punguza ncha. Kama ungenunua mafuta ya nywele dukani, yanunue hapa. Lete mtoto mmoja kabla shule hazijafunguliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku ambayo huna kabisa, una mdomo. Mdomo haulipiwi. Ila ukija kusalimia, msalimie, umpe moyo, kisha umwachie kiti chake."

Mke wa fundi viatu alikuwa anatazama sakafu. "Mimi nilimwambia nitakuja Jumanne ile," akasema. "Nikapata wageni."

"Nilikusubiri," akasema wifi. Ndiyo mara ya kwanza alisema tangu ajifunike taulo. "Alikuja mtu mwingine saa hiyohiyo. Nikamwambia nina mteja anakuja."

"Ungenitumia ujumbe tu, ningekwambia siji."

"Wewe ndiye ungemtumia," Mama Begi akamkata. "Ukishindwa kufika, sema mapema. Saa yake ndiyo shamba lake. Ukiishika na usije, umemlimisha hewa."

Mke wa fundi viatu akaitikia kwa kichwa. Kisha akajikaza. "Na mimi nina neno, kama tunasema ukweli. Siku uliponisuka mara ya mwisho, ulinibana sana hapa kwenye paji la uso. Niliumwa kichwa."

Wifi akainua uso. "Hukuniambia!"

"Nilimwambia jirani."

"Jirani alikuja kuzilegeza? Ungerudi, ningezilegeza siku hiyohiyo, bila malipo. Kazi mbaya nirudishieni mimi."

"Mmesikia?" akasema Mama Begi. "Kasoro mpelekeeni mwenyewe, sifa mpelekeeni watu. Sisi tunafanya kinyume."

Kisha akamgeukia wifi. Nilidhani atambembeleza. Wapi!

"Na wewe, Taratibu. Usinitolee macho. Unasema kizuri chajiuza. Kinajiuza kikionekana! Wewe umefukiwa na udongo, nani anajua upo? Fukua mlango. Weka mshale barabarani. Na mtu akikalia kiti cha kazi, mwambie kwa adabu, shangazi, naomba nipishe. Adabu si kufa na tai shingoni."

Wifi akafuta macho. "Nimechelewa, Mama Begi. Bi harusi ameshaondoka. Na mnunuzi anakuja Jumamosi."

Hapo shangazi akanyanyuka ghafla. Akasahau kwamba yuko ndani ya draya. Draya ikamgonga, paa! Hakujali. Akatafuta viatu vyake, akavaa kimoja cha kwake na kimoja cha muuza mboga.

"Bi harusi ameelekea wapi?"

"Upande wa duka la soda," akajibu Mama Begi.

Shangazi akatoka. Yule mwanamke ambaye siku zote alikuwa anavushwa ubao kwa mkono, siku hiyo aliuvuka peke yake, mbio. Nikamfuata nikiwa na tepu ya kupimia shingoni.

Tuliwakuta wale wasichana wameketi nje ya duka, kila mmoja na soda asiyoinywa. Shangazi akasimama mbele yao.

"Mwanangu," akamwambia bi harusi, "pana nafasi."

"Mama, si ulisema pamejaa?"

"Nilisema uongo. Nilidhani uongo wa kumsifu mtu hauna madhara. Umekuumiza wewe, umemuumiza na yeye. Nisamehe."

Bi harusi akatazamana na dada zake. Mkubwa wao akauliza, "Kama bado pana nafasi, na Jumamosi ni keshokutwa, je, huyo fundi anajua kazi?"

Lilikuwa swali la haki. Shangazi hakulijibu kwa mdomo. Alivua kitambaa alichojitupia kichwani akitoka, palepale barabarani, akainama.

"Tazameni. Shikeni kabisa."

Wakatazama. Wakashika. Mistari ilikuwa myembamba na sawa, inazunguka sikio na kushuka shingoni, hakuna unywele uliochomoza. Mkubwa akasema kwa sauti ya taratibu, "Lo! Nani kakusuka?"

Nikasubiri jibu. Shangazi akasimama wima.

"Mke wa mtoto wa kaka yangu," akasema, na duka zima likasikia. "Anaitwa Taratibu. Saluni yake iko nyuma ya lile lundo la udongo. Ukiingia hapo, hutamani kutoka."

Nilijisikia fahari, utadhani mistari ile niliisuka mimi.

Bi harusi akaja, akaketi, wifi akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumuuliza, "Wapi panauma?" Msichana akasema, "Leo kila mahali," wakacheka wote wawili. Wakapatana Jumamosi asubuhi. Kabla hajatoka, bi harusi akautazama ule ubao.

"Mama yangu hawezi kupita hapa," akasema.

Shangazi akaenda moja kwa moja hadi karakana ya kaka.

"Daraja," akamwambia.

"Shikamoo, shangazi. Kesho nita..."

"Kesho ya nani? Mkeo anaondoka, wewe unasema kesho! Chukua nyundo."

Kaka alichukua nyundo. Shangazi alimsimamia mpaka msumari wa mwisho. Daraja lilitoka pana, tena lina vishikio pande zote mbili. Ijumaa wale akina mama wakaja tena, lakini mara hii na majembe. Walilisogeza lundo, mlango ukaonekana, kibao kikaonekana. Mtoto akachora mshale kwenye kipande cha ubao, ukawa mnene kama samaki, tukauweka barabarani.

Na mambo mengine yakafuata bila kusukumwa. Mama muuza mboga alikuja kuoshwa nywele tu, akalipa, akarudi sokoni, na hukohuko akaacha kusema amejisuka mwenyewe. Mama wa nyumba ya kona aliwalipia mabinti zake mapema, ili wasukwe shule zikikaribia. "Kwangu ni mamoja, leo au siku hiyo," alisema, "lakini kwake ni tofauti kubwa." Mke wa fundi viatu aliwahi miadi yake, akafika hata kabla mlango haujafunguliwa. Alipomaliza, wifi alimpiga picha kwa simu, kwa ridhaa yake, naye akaituma kwa jamaa zake wote pamoja na maelekezo ya njia. Sikujua ana jamaa wengi hivyo.

Jumamosi ikafika. Ukoo wa bi harusi uliingia na vicheko. Mimi niliacha kazi zangu, nikawa naosha taulo. Nilimtazama wifi akifanya kazi. Hakukimbia. Alitoka kichwa hiki akaingia kile, na kila mtu alihisi ni yeye peke yake aliyekuja. Bi harusi alipojitazama kwenye kioo, alimbusu wifi mkono. Kaka alikuwa amesimama juu ya daraja lake, anajifanya anakagua misumari. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mara tukasikia mkokoteni. Mnunuzi amefika.

"Nimekuja kuchukua mzigo," akasema mlangoni. "Draya ni ipi?"

"Ndiyo hiyo," akajibu wifi.

"Mbona ina mtu?"

Ilikuwa na mtu kweli. Alikuwa mama wa bi harusi, anakauka na kusinzia. Na safari hii mashine ilikuwa imewashwa. Mnunuzi akatazama draya, akatazama viti. Vyote vina watu.

"Basi nisubiri amalize?" akauliza. "Nimetoka mbali, mama. Tulishakubaliana kwa maneno."

Namjua wifi. Mtu akimwomba, anatoa. Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili. Wifi akaweka chanuo mezani. Akamtazama mnunuzi, akamtazama mtoto, akamtazama kaka nje kwenye daraja.

"Hapana," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Akavuta pumzi akasema tena.

"Hapana, baba. Samahani nimekusumbua, nauli ya mkokoteni nitakurudishia. Lakini siuzi."

Shangazi alipiga vigelegele. Mama wa bi harusi akazinduka ndani ya draya akidhani harusi imeanza, akaitikia vigelegele. Mnunuzi mwenyewe akacheka. Akajipapasa kidevu. "Haya, bora hata mninyoe ndevu, nisirudi bure."

"Ndevu hapa hatunyoi," akasema wifi. "Kinyozi yuko kona ya pili, ana mkono safi. Na yeye mtaro umemwumiza. Mwambie Taratibu kakutuma."

Binamu wa mji wa mbali aliandikiwa ujumbe siku hiyohiyo kwamba wifi haji. Mtoto akasukwa na mama yake jioni, mistari minne mikubwa, akaja kunionyesha. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Sasa mtaro umefukiwa na maji yanatoka. Daraja kaka amekataa kulivunja, amelifanya benchi. Shangazi ndiye mwenye benchi hilo. Anakuja pale kila akiwa na nafasi, anakaa nje, ndani anaingia akiwa na miadi tu, na analipa. Anayepita akimtazama nywele mara mbili, shangazi humtaja fundi hata kabla hajaulizwa.

Juzi nilikuwa nashona, nikasikia msichana anauliza hapo nje, "Samahani, mama, kuna nafasi?"

Shangazi akachungulia ndani. Nikamsikia akihesabu vichwa kwa mnong'ono. Kisha akasema, "Leo pamejaa, mwanangu." Akaongeza, "Na leo nasema kweli. Usiondoke. Ngoja nikuulizie kesho."